Mokambo: Kuvu Ndani ya Hindi Zima

Nilikwenda Mokambo kwa sababu ya Dodoma. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua ugonjwa ambao mwanzoni hakuna aliyeujua. Waliumwa tumbo, wakatapika, macho yakageuka manjano, matumbo yakajaa maji. Hadi ugonjwa ulipotulia, wagonjwa 68 walikuwa wameorodheshwa na 20 kati yao walikuwa wamezikwa. Chanzo hakikuwa maji wala mbu. Kilikuwa mahindi waliyoyalima kwa mikono yao na kuyahifadhi majumbani mwao, nayo yalikuwa na sumukuvu.

Tangu hapo, kila nikifika mahali ambapo watu wanaishi kwa mahindi, nina swali moja: nani anajua kilichomo ndani ya punje? Haut-Katanga, jimbo la Kongo lenye miji ya Lubumbashi na Mokambo, ni mahali hapo hasa. Mtu wa Lubumbashi asipokula bukari, yaani ugali, hata akila vingine vyote, atakwambia leo hajala.

Mokambo ni mji wa mpakani katika eneo la Sakania, unaotazamana na Mufulira ya Zambia. Shaba inatoka, unga unaingia. Malori marefu yanasubiri zamu kando ya barabara, madereva wamelala chini ya matela wakikwepa jua, na katikati yao wanapita vijana wa baiskeli waliofunga nyuma magunia ya unga ya kilo 25. Masikioni unapata Kiswahili, Kibemba, Kilamba na Kifaransa kwa pamoja. Ukishika njia ya mashariki, unakatiza ule ulimi wa ardhi ya Kongo unaoingia ndani ya Zambia, hadi Chembe kwenye mto Luapula, ambako Wazambia walifungua daraja la Levy Mwanawasa mwaka 2008.

Biashara hii ya chakula ni ya zamani kama mji wa Lubumbashi wenyewe. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, kama ulivyoitwa wakati huo, mwaka 1910 kwa kupitia Sakania. Migodi ya kampuni ya Union Minière ilihitaji wanaume wengi, wanaume walihitaji posho, na sehemu kubwa ya mahindi ya posho ilitoka Rhodesia. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Zambia ikifunga mpaka kuzuia mahindi yake yasitoke, bei inapanda Lubumbashi. Kwa hiyo afya ya hindi la upande mmoja ni afya ya chungu cha upande wa pili.

Nilisafiri na mtaalamu mmoja wa kilimo, dada aliyesoma Lubumbashi, ambaye kila tulipopita watu walimwita Injinia, kwa desturi ya Kongo ya kumheshimu aliyehitimu kilimo. Ilikuwa Mei, mvua zimekwisha, na mahindi yamesimama mashambani yakikaukia kwenye mabua. Huku wana msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kilichovunwa sasa ndicho cha mwaka mzima.

Mwenye shamba la kwanza tulilolitembelea alikuwa mama mtu mzima, kitenge kiunoni, mikono imezoea kazi. Alitukaribisha kwenye kivuli cha mti wa mwombo uliobaki katikati ya shamba, akaenda mwenyewe kuvunja hindi, akalimenya mbele yetu na kunipa.

“Papa, angaria. Hii iko muzuri. Ile yenye kuoza tunatosha, tunapatia kuku.”

Lilikuwa zuri kweli: mistari imenyooka, punje nyeupe zinang'aa, hakuna tundu la mdudu wala doa. Kwenye kichanja alikuwa ametenga rundo dogo la mabunzi mabovu, mengine yana utando wa waridi, mengine yamekuwa kijani kama vumbi la jani kavu. Alijua kuchagua. Mama zetu kuanzia Kondoa hadi Kitui wanajua kuchagua, na utafiti umethibitisha kwamba kutoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizo nyepesi kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Elimu yao ni ya kweli na inaokoa watu.

Ila Injinia hakugusa rundo lile. Alichukua hindi zuri nililoshika mkononi, kisha akamwomba mama ruhusa ya kukata bua lililolizaa. Alilipasua kwa kisu kuanzia chini hadi juu. Ndani palikuwa peupe, pakavu kidogo, na nyuzi zake zimepangana vizuri. Sikuona kitu.

“Asante mama,” alisema akimrudishia kisu, “tunaomba bua hili na mahindi machache twende nayo mjini.” Mama alicheka, akasema bua ni la mbuzi, tuchukue tunavyotaka.

Vipande aliviweka katika mifuko ya karatasi, akaandika juu yake tarehe, shamba na sehemu ya mmea. Nilimuuliza kwa nini asitumie nailoni, ambayo haipasuki. Akasema nailoni hutoa jasho, na jasho huotesha kuvu njiani, kisha ukifika maabara hujui ipi ilitoka shambani na ipi ilizaliwa kwenye gari.

Maabara ilikuwa chumba kimoja mjini Lubumbashi: meza, jiko la gesi, hadubini, kabati la kuoteshea na jokofu. Kazi yenyewe haikuhitaji zaidi ya hapo kwa hatua za mwanzo. Inahitaji subira na usafi, kwa sababu swali linaloulizwa ni gumu: kuvu hii iliishi ndani ya mmea, au ilitua tu juu ya ngozi yake? Hewa ya shamba lolote imejaa spora, yaani mbegu ndogo za kuvu. Ukiweka kipande cha bua moja kwa moja kwenye sahani ya kuoteshea, utaotesha vumbi la Mokambo lote.

Ndiyo maana kwanza wanaua kila kilicho juu. Injinia alitumbukiza vipande katika spiriti ya asilimia 70, kisha katika dawa ya Javel iliyozimuliwa, ile ile ya kufulia nguo nyeupe, kisha akavisuuza mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa na kufungwa yasiwe na vijidudu. Halafu akafanya jambo ambalo mimi ningelipuuza: akachukua tone la maji ya mwisho ya kusuuzia na kulimwaga katika sahani ya peke yake. Sahani hiyo ndiyo shahidi. Ikiota kitu, basi usafi haukukamilika na majibu yote yanatupwa. Isipoota, chochote kitakachotokea kwenye vipande kimetoka ndani. Alikata tena ncha za kila kipande, akavilaza juu ya jeli ya viazi, akafunika, akaweka kabatini penye joto la nyuzi 25.

Baada ya siku chache sahani ya shahidi ilikuwa safi kama ilivyowekwa. Sahani za bua na za hindi zuri hazikuwa safi. Kutoka pande zote mbili za vipande vya bua ilikuwa imechomoza pamba nyeupe, laini, na chini yake jeli ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau. Pamba ile ile ilitoka katika baadhi ya punje za hindi ambalo mama alilisifu, nami nikalisifu. Katika punje moja palikuwa na kitu kingine: duara la kijani lenye umanjano, kama unga.

Hapa ndipo kazi ya kumtambua mgeni inapoanza. Injinia aliweka uzi wa ile pamba chini ya hadubini akaniachia kiti. Niliona vijiti vyembamba, na kwenye ncha ya kila kijiti mnyororo mrefu wa spora ndogo, moja juu ya nyingine, zimepangana kama shanga. Alinifundisha kuangalia kijiti chenyewe: kina mdomo mmoja au midomo mingi? Fusarium verticillioides hutoa minyororo mirefu kutoka mdomo mmoja. Ndugu yake wa karibu, Fusarium proliferatum, ana vijiti vyenye midomo zaidi ya mmoja. Tuliangalia kijiti baada ya kijiti. Mdomo mmoja. Kisha akaleta ile ya kijani: shina limesimama, juu yake kichwa cha mviringo, na kichwani spora zimetawanyika pande zote kama miali ya jua. Hiyo ni jamaa ya Aspergillus flavus.

Hakuishia hapo, wala hakukubali niandike kwamba tumemaliza. Umbo linakufikisha mlangoni. Kuingia ndani kunahitaji DNA. Na hata DNA, akasema, si kila kipande kinafaa: ile sehemu inayotumika sana kutambua kuvu kwa jumla haitoshi kutenganisha ndugu wa Fusarium au wa Aspergillus, kwa hiyo wataalamu husoma jeni nyingine, kama ile ya kalmodulini kwa Aspergillus. Sampuli zikahifadhiwa zikisubiri hatua hiyo.

Nini maana ya mambo haya kwa mama wa Mokambo? Wengi wetu tumefundishwa kwamba kuvu ni mambo ya ghala: paa linavuja, gunia linalowa, unga unanuka. Ni kweli, ghala baya huzidisha balaa. Lakini kuvu hizi huanza safari mapema. Fusarium verticillioides huweza kuingia na mbegu yenyewe, ikaota na mche, ikapanda ndani ya bua hadi kwenye hindi, na mmea usioneshe dalili yoyote. Huweza pia kupitia njia ya bungua anayetoboa bua, au kwenye ndevu za hindi. Aspergillus flavus hukaa kwenye udongo na mabaki ya mazao. Wakati wa kuchanua, upepo hubeba spora zake hadi kwenye ndevu, nazo huota na kushuka nazo hadi kwenye punje. Jua likiwa kali na mvua ikikatika wakati huo huo, mmea unadhoofika, kuvu inashamiri.

Na hizi mbili hazileti madhara sawa, ndiyo maana jina ni muhimu. Sumu ya Fusarium, fumonisini, ilikuja kutambulika mwaka 1988 nchini Afrika Kusini, baada ya Walter Marasas, Wentzel Gelderblom na wenzao kuifuatilia kuvu iliyotoka kwenye mahindi ya Transkei, eneo lenye saratani nyingi ya umio, yaani koo la chakula. Kuvu hiyo hiyo ilikuwa imeua farasi kwa kuharibu ubongo wao. Sumu ya Aspergillus, aflatoksini, ilijulikana baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga. Aflatoksini huharibu ini, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani linaiweka katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Mtu mwenye homa ya ini aina ya B akiila kwa miaka, hatari yake huongezeka mara nyingi zaidi.

Wanyama wametutangulia kupiga yowe kila mara. Agosti 2024, mamia ya mbwa walikufa Zambia. Serikali ilipopima unga wa viwanda vya kusaga ikakuta aflatoksini, na bidhaa za kampuni kadhaa zikaamriwa kuondolewa sokoni. Mwaka huo Zambia ilikuwa katika ukame uliotangazwa kuwa janga la taifa tangu Februari. Mahindi yaliteseka shambani, wakati ule ule ambapo kuvu hupata mlango. Unga wa nchi hiyo ndio unaopita Mokambo juu ya baiskeli. Kwa hiyo niliposikia kuwa rundo bovu huliwa na kuku, nilimweleza mama kwa heshima yote kwamba sumu haichagui kati ya kuku na mtoto, na kuku naye huishia mezani. Alinyamaza kidogo, kisha akamwagiza mjukuu alichimbie rundo lile shimo.

Kuna simulizi moja ya Kenya ambayo kila mwenye kazi ya kulinda chakula huku kwetu anapaswa kuijua. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa mahindi yenye aflatoksini. Ilikuwa mojawapo ya milipuko mibaya zaidi ya sumu ya aina hii iliyowahi kurekodiwa duniani. Watafiti Claudia Probst, Henry Njapau na Peter Cotty walichukua mahindi kutoka maeneo yale na kuotesha kuvu zake. Mwaka 2007 walichapisha walichokiona: kilichotawala hakikuwa aina ya kawaida ya Aspergillus flavus, bali ile inayotengeneza vifundo vingi vidogo vyeusi na kumwaga sumu nyingi, inayojulikana kwa herufi S. Bila kutambuliwa, tungeendelea kusema “kuvu” tu, kana kwamba zote ni moja.

Na katika kutambua huko ndiko kinga ilikopatikana. Katika kundi la Aspergillus flavus zipo zinazoishi kwenye udongo wetu bila uwezo wa kutengeneza aflatoksini. Peter Cotty, Ranajit Bandyopadhyay wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, na wenzao walizitenga, wakazipaka kwenye punje za mtama zilizokaangwa zisiote, na mkulima anazimwaga shambani kiasi cha kilo 10 kwa hekta, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua. Kuvu zisizo na sumu zinashika nafasi, zenye sumu zinakosa pa kukaa. Inaitwa Aflasafe. Kenya ina yake, Tanzania ina yake, Zambia ina yake, na kila moja imetengenezwa kwa kuvu zilizotolewa na kutambuliwa katika nchi husika. Huwezi kununua kazi hiyo ikiwa tayari. Lazima mtu aende shambani kwenu, akate bua lenu, aoteshe kuvu zenu, azitaje kwa majina.

Ndiyo maana naiona kazi ya dada yule wa Lubumbashi kuwa ya chakula kama ilivyo kazi ya mkulima. Kongo ina ofisi yake ya kukagua ubora mipakani, OCC, na ina chuo kikuu cha Lubumbashi chenye kitivo cha kilimo. Kinachohitajika ni kuunganisha shamba, maabara na mpaka. Karatasi za kupimia aflatoksini papo hapo zipo, majibu yake huchukua dakika. Ugumu uko kwenye kuchukua sampuli: sumu haisambai sawasawa, punje chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Mkaguzi akichota kopo moja mlangoni pa lori, amepima mlango wa lori. Lazima achote sehemu nyingi, juu, katikati na chini, achanganye, asage, ndipo apime. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, ni jumla ya aflatoksini isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni katika mahindi, na aina ya B1 isizidi 5.

Mkulima naye ana yake ya kufanya, na mengi hayahitaji fedha nyingi. Panda mapema, mahindi yachanue mvua ikiwepo. Pambana na bungua na viwavijeshi, maana ndio wanaotoboa mlango. Usianike hindi juu ya udongo mtupu, tandika turubai au mkeka, kwa kuwa udongo ndiyo makazi ya kuvu. Hakikisha punje zimekauka: weka chumvi kavu na mahindi ndani ya chupa kavu ya kioo, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chagua punje kabla ya kusaga, na zile mbaya zisiende kwa kuku, mbwa wala pombe. Ukiweza kukoboa, koboa, kwa sababu sumu nyingi iko kwenye kiini na pumba. Wala usidanganywe na moto: aflatoksini haiondoki kwa kupika bukari, hata sufuria ichemke mchana kutwa.

Kwa wenye mamlaka wa Lubumbashi, Lusaka, Dodoma na Nairobi, ombi langu ni moja. Msisubiri mbwa wafe, wala msisubiri wadi zijae watoto wenye macho ya manjano. Wapeni wataalamu wetu vijana hadubini, kemikali, umeme usiokatika na mshahara unaofika. Wapeni ruhusa ya kutangaza wanachokikuta bila kuogopa mfanyabiashara. Hindi linaweza kuwa zuri kwa macho na lisiwe salama kwa ini. Tofauti kati ya hayo mawili haionekani sokoni Mokambo. Inaonekana maabara, na ni haki ya kila anayekula bukari kupata majibu yake kabla unga haujafika jikoni.